Mpira, Hari na Baridi

Msomaji akivuta ukanda wa mpira kwa ghafula na kuugusisha midomoni, atahisi kuwa umepata joto. Aliyeeleza jambo hili katika makala iliyochapishwa Manchester mwaka 1805 alikuwa kipofu. John Gough, mzaliwa wa Kendal huko Uingereza, alipofushwa na ndui angali mtoto mdogo. Walakini midomo yake ilitambua siri iliyowapita wengi wenye macho.

Gough alieleza mambo matatu. Kwanza, mpira uvutwapo hupata joto. Pili, ukanda uliotundikwa uzito hufupika ukitiwa joto, hali waya wa chuma hurefuka. Tatu, mpira uliovutwa ndani ya maji ya baridi hupoteza sehemu ya nguvu yake ya kurejea. Utiwapo katika maji ya moto, hujikunyata mara moja. Mwaka 1859 James Joule alithibitisha tabia hiyo ya joto kwa vipimo.

Sababu ilieleweka baadaye, katika miaka ya 1930. Mpira ni mkusanyiko wa molekuli ndefu kama nyuzi, zisizotulia. Ukivutwa, nyuzi hunyooka. Joto huzitikisa, nazo hupigania kujikunja tena. Baridi hupunguza mtikiso huo, na ikizidi mno mpira hukakamaa kama kioo.

Usiku wa kuamkia 28 Januari 1986, wahandisi nchini Marekani walionya kuwa baridi ingezidhuru pete za mpira zilizoziba maungio ya roketi za chombo Challenger. Onyo lao halikufuatwa. Chombo kiliruka Florida asubuhi ya baridi, hewa ikiwa na nyuzi 2 hivi za sentigredi. Baada ya sekunde 73 kilivunjika angani, na watu saba waliokuwamo wakafa.

Tarehe 11 Februari, mbele ya tume ya uchunguzi, mwanafizikia Richard Feynman alibana kipande cha mpira wa aina ile kwa jiriwa ndogo, akakitumbukiza katika bilauri ya maji ya barafu. Alipokifungua, hakikurejea upesi katika umbo lake.

Mpira ule ulikuwa wa kiwandani, wala si utomvu alioujua Gough; lakini funzo la maji ya baridi lilikuwa limeandikwa miaka 181 kabla. Mpira haukumficha mtu tabia yake. Waliouelewa walisema, waliosema hawakusikilizwa, na gharama ikalipwa na watu saba.