Vidanje, nganda, matabishi: maneno ya baa za Bukavu yalitoka wapi?

Ukisikiliza wahudumu wa baa za Kadutu, Ibanda au Bagira, utasikia historia ya mji wetu. Katika sentensi moja mhudumu anachanganya Kiswahili, Mashi, Kifaransa na Lingala, na mteja anaelewa bila shida. Kila neno lina mlango lilioingilia.

Kasiksi lilikuwepo kabla ya chupa. Ni pombe ya ndizi ya Bushi: ndizi zinaivishwa, zinakamuliwa, maji yake yanachanganywa na unga wa mtama uliokaangwa, kisha yanaachwa yachache. Pombe hiyo haikuhitaji kiwanda wala depo.

Maneno ya chupa yalikuja na Wabelgiji. Bralima ilianzia Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka 1923, na baadaye ikawa na kiwanda hapa Bukavu. Ndipo tukapata kazye, yaani kreti ya chupa, na vidanje, yaani chupa tupu. Mfaransa wa Paris akisikia neno hilo atafikiria kumwaga oili ya gari. Maana ya chupa tupu ni ya Kifaransa cha Ubelgiji.

Vidanje si takataka. Ukitaka chupa iliyojaa, unarudisha iliyo tupu, la sivyo unalipa pombe pamoja na chupa yake. Kwa hiyo mama mwenye baa ndogo anahesabu vidanje kila usiku kama anavyohesabu pesa. Moja ikipasuka, hasara ni yake.

Kutoka magharibi ilikuja Lingala, lugha ya jeshi tangu ukoloni na ya muziki wa Kinshasa. Ilituletea masanga, yaani pombe, na nganda, yaani baa. Zamani nganda ilikuwa kambi ya wavuvi kando ya mto, mahali pa kupumzika kwa muda mbali na nyumbani.

Matabishi limesafiri kuliko yote. Kwa Kireno, mata-bicho ni «kuua mdudu»: pombe kidogo ya asubuhi, iliyosemwa kuwa inaua mdudu wa tumboni. Angola likawa chakula cha asubuhi. Kwetu likawa zawadi ndogo kwa mhudumu, kisha likatoka baa na kuingia ofisini na kwenye vizuizi vya barabara, likawa rushwa. Mhudumu anapewa matabishi kwa hiari. Kwenye kizuizi, hiari haipo.

Nyuma ya maneno haya kuna watu, na mambo yakiharibika, wao ndio wanaumia kwanza. Wafanyakazi 168 wa zamani wa Bralima Bukavu, walioachishwa kazi kati ya 1999 na 2003 wakati RCD ilitawala mji, walipeleka malalamiko yao Uholanzi mwaka 2015. Mwaka 2017 walifikia maafikiano na Heineken, kampuni iliyokuwa ikimiliki Bralima wakati huo. Walikuwa wamesubiri zaidi ya miaka kumi.

Katikati ya Februari 2025 M23 iliingia Bukavu. Mwezi wa Juni Heineken ilitangaza kwamba imepoteza usimamizi wa majengo yake ya Bukavu na Goma, na kwamba imeondoa wafanyakazi wake. Wakati huo familia nyingi zilikuwa zimekwisha kukimbia. Waliovuka Ruzizi hadi Burundi wamelikuta neno vidanje huko pia, maana Mbelgiji alitawala pande zote mbili. Neno wamelikuta, lakini chupa zao zimebaki nyuma.

Kwa hiyo tuseme wazi: kwa mwenye baa aliyekimbia, vidanje zilizobaki ni mtaji uliobaki. Kama siku moja itaandikwa orodha ya mali iliyopotea, ziandikwe humo kwa hesabu, kazye kwa kazye, pamoja na mbuzi, mabati na mashine za kushona.