Tiba mbadala ni mbadala wa nini?

Desemba 2014 Bunge la Marekani lilibadilisha jina la kituo cha utafiti kilichoko Bethesda, Maryland, chini ya Taasisi za Taifa za Afya za nchi hiyo. Kilianza mwaka 1991 kama ofisi ndogo iliyoitwa Ofisi ya Tiba Mbadala. Mwaka 1998 kikapandishwa hadhi kuwa kituo kamili, na jina likarefushwa kuwa la tiba za nyongeza na tiba mbadala. Safari hii ya tatu neno "mbadala" lilifutwa kabisa. "Nyongeza" likabaki, na karibu yake likawekwa neno lenye maana ya kuziunganisha tiba hizo na za hospitali. Sababu iliyotolewa na kituo hicho ilitokana na takwimu: Wamarekani wanaoikimbia hospitali na kutegemea tiba hizo peke yake ni wachache mno. Wengi huzitumia sambamba na dawa walizoandikiwa na daktari.

Kwetu neno lililofutwa kule ndilo lililoota mizizi. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya Tanzania ni ya mwaka 2002, na baraza linalowasajili waganga limechukua jina hilohilo. Nchini Kenya, Sheria ya Afya ya 2017 nayo ina sehemu yake inayohusu tiba za jadi na tiba mbadala. Katika mazungumzo ya kawaida watu hugawa hivi: tiba asili ni ya mababu zetu, yaani mizizi, magome na majani; tiba mbadala ni ile iliyokuja kwa meli au ndege, kama sindano za Kichina, Ayurveda ya Wahindi na homeopathia ya Wajerumani. Ni mgawanyo wa kuuliza tiba imetoka wapi. Kwa msajili anayetaka kujua aliyekaa mbele yake amefundishwa na nani, unafaa. Mtafiti ana swali lingine: mgonjwa anaitumiaje tiba hii, na dawa ya hospitali ameiweka wapi?

Hapo ndipo istilahi mbili zinapoachana njia. Katika utafiti, "mbadala" na "nyongeza" hazitaji aina ya dawa, zinataja uhusiano. Chukua tangawizi. Katika chai ni kiungo. Mgonjwa wa saratani akiitafuna ili kutuliza kichefuchefu cha kemo, huku kemo yenyewe akiendelea nayo, ameitumia kama nyongeza. Akiacha kemo kwa kuamini kwamba tangawizi itayeyusha uvimbe, ameigeuza mbadala. Mzizi ni uleule, na muuzaji wa sokoni hawezi kujua anauza kipi kati ya hivyo viwili.

Tofauti hiyo hupimika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walichunguza kumbukumbu za kitaifa za wagonjwa wa saratani Marekani, na mwaka 2018 tafiti zao mbili zikawa zimechapishwa. Wa kwanza uliwatazama wagonjwa 281 wa saratani ya matiti, mapafu, utumbo mpana na tezi dume, ambao ugonjwa ulikuwa haujasambaa mwilini na ambao waliamua kutumia tiba mbadala tu. Hatari yao ya kufa ilikuwa mara 2.5 ya wale waliotibiwa hospitalini. Kwa saratani ya matiti ilizidi mara tano. Hilo halikumshangaza mtu.

Utafiti wa pili ndio wa kusoma taratibu. Uliwahusu wagonjwa 258 ambao hawakuikataa hospitali: kila mmoja alipata angalau tiba moja ya kawaida, na juu yake akaongeza yake. Hawa nao walikuwa na hatari ya kufa mara mbili ya wenzao waliotumia tiba ya hospitali peke yake. Mtu anaweza kuruka haraka na kusema mitishamba iliwadhuru. Lakini watafiti walipochungulia zaidi waliona kwamba asilimia 7 ya watu hawa walikataa upasuaji, dhidi ya asilimia 0.1 ya wenzao. Asilimia 34 walikataa kemo, dhidi ya asilimia 3. Na zaidi ya nusu walikataa mionzi, dhidi ya asilimia 2. Hesabu ilipozingatia kukataa na kuchelewesha huko, pengo la vifo likapungua hadi likakosa uzito wa kitakwimu. Kilichowaponza ni walichoacha, wala si walichoongeza. Waliandikwa kwenye daftari kama watumiaji wa nyongeza, ilhali kwa sehemu kubwa ya matibabu yao walikuwa wa mbadala. Kama lugha ya mtafiti isingekuwa na maneno mawili, asingeweza hata kulieleza jambo hili, sembuse kulipima.

Afrika Mashariki tuliliona kwa macho yetu mwaka 2011, pale maelfu kwa maelfu walipopanga foleni za magari kuelekea kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Dawa ilichemshwa kutokana na mti wa mugariga. Wapo waliokunywa na kurudi kwenye dawa zao za kisukari au za kufubaza virusi vya UKIMWI kama kawaida, wapo waliozitupa. Magazeti yaliwaita wote watu wa kikombe, na mjadala mzima ukawa kama mti unatibu au hautibu. Swali la nani aliacha nini lilikuja nyuma sana, wakati lingeweza kuulizwa siku ya kwanza bila kusubiri maabara.

Nyongeza nayo ina hatari zake, na hizi hazifanani na za mbadala. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani waliwapa watu wenye afya njema vidonge vya kitunguu saumu pamoja na sakwinaviri, mojawapo ya dawa za UKIMWI za wakati ule. Kiasi cha dawa kilichopatikana kwenye damu kilishuka kwa asilimia 51. Hakuna aliyeacha dawa. Wote walimeza dozi kamili kwa wakati, na bado nusu yake ikawa kama haikumezwa. (Vilikuwa vidonge vilivyokolezwa, mpishi wa pilau asiogope.) Mimea mingine huchochea vimeng'enya vya ini vinavyovunjavunja dawa, hivyo dawa huisha mwilini kabla ya kazi kwisha. Balungi hufanya kinyume: huzuia kimeng'enya cha aina hiyo kwenye utumbo, na dawa fulani za shinikizo la damu zikapanda kupita kiasi. Jambo hilo liligunduliwa Kanada kwa bahati, watafiti walipotumia juisi yake kuficha ladha ya pombe katika jaribio la felodipini, mojawapo ya dawa hizo.

Basi tiba inayoongezwa juu ya ile ya hospitali tuiite nini? Mapendekezo yapo mengi na nimeyasikia yote yakitetewa. "Tiba kamilishi" ni tafsiri ya moja kwa moja ya istilahi ya Kiingereza, na ndiyo inayonipa shaka zaidi, kwa kuwa inadai kwamba bila mmea huo tiba ya hospitali ina upungufu. Waliosoma sarufi watanielewa: mmea hapa ni chagizo, ukiliondoa sentensi inasimama. "Tiba shirikishi" inavutia sikioni, ila neno hilo limeshachukuliwa na ulinzi shirikishi wa mitaani. Msikilizaji atadhani wanakijiji wataitwa mkutanoni. "Tiba jumuishi" tuiachie hatua ya juu zaidi, pale hospitali yenyewe inapoweka huduma zote mbili chini ya paa moja, ingawa waliozoea elimu jumuishi watadhani inahusu watu wenye ulemavu. "Mseto" lingefaa kuliko yote kama lisingekuwa na kazi tayari: Tanzania nzima ukisema dawa mseto, umesema ALu ya malaria.

Linabaki "tiba nyongeza". Ni neno la kawaida, halina mbwembwe, na kitenzi chake kinabeba maana inayotakiwa: huwezi kuongeza juu ya kitu ulichokiondoa. "Mbadala" nalo lisitupwe. Lirudishiwe maana yake, litumike pale tu tiba moja inapokalia kiti cha nyingine.

Pingamizi moja lina uzito. Mganga wa jadi anaweza kuuliza: nyongeza kwa nani? Mgonjwa wangu alianza kwangu, hospitali alikwenda baadaye; nyongeza ni wao. Kwa mpangilio wa matukio yuko sahihi, na nadhani watunga istilahi wa mijini hulisahau hilo. Kinachoweza kujibiwa ni kwamba jina hili ni la jaribio, wala halimpandishi mtu cheo au kumshusha, na linaweza kubadilika ushahidi ukija. Artemisinini, iliyozaa dawa iliyo kwenye ALu hiyohiyo, ilitoka kwenye mmea wa Kichina ulioandikwa katika kitabu cha tiba cha karne ya nne. Tu Youyou na wenzake waliiopoa mwanzoni mwa miaka ya 1970 baada ya kuacha kuuchemsha mmea na badala yake kuukamua kwa joto dogo, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobeli. Leo hakuna muuguzi anayeiita mbadala wala nyongeza. Ni dawa.

Mahali ambapo neno hili lina kazi ya haraka ni kwenye dirisha la kliniki. Muuguzi akiuliza, "Mama, unatumia tiba mbadala?" mama anayemeza ARV na vidonge vya kitunguu saumu atajibu hapana, naye hatakuwa amedanganya: hajabadilisha chochote. Akiulizwa, "Mama, mbali na dawa zetu, unaongezea nini?" atataja kitunguu, atataja mlonge, na pengine unga aliouziwa kwenye basi. Na asiulizwe ya leo tu. Katika jaribio lile la 2002, siku kumi baada ya vidonge vya kitunguu kusimamishwa, sakwinaviri ilikuwa bado haijarudi kwenye kiwango chake cha mwanzo.