Babangu, Wuora, Mio Padre: Kiitaliano cha Kisumu Kifundishwe kwa Lugha Ipi?

Mwanafunzi wangu mmoja wa Kiitaliano, mzaliwa wa Kisumu, aliingia darasani jioni moja akiwa ameshika paji la uso. "Mwalimu, leo kichwa inaniuma." Nikamwomba aseme hivyo kwa Kiitaliano. Akajibu: "La mia testa fa male." Mwitaliano angesema "mi fa male la testa": kichwa ndicho kinachouma, mimi ndiye ninayeumwa, na hakuna haja ya kutaja kuwa kichwa ni changu. Muundo huo ndio aliokuwa ameutamka punde tu kwa Kiswahili. Kosa lake, basi, halikutoka kwa Kiswahili. Lilitoka kwa Kiingereza, lugha ya kitabu chetu cha kiada.

Kwamba lugha anazozijua mtu huathiri lugha anayojifunza ni jambo lisilobishaniwa sana leo; mwanaisimu Robert Lado alilieleza katika kazi yake ya ulinganishi wa lugha mwaka 1957. Ubishi wangu ni na wale wanaoitaja lugha ya mama darasani kana kwamba wanataja maradhi, kisha wakakipa Kiingereza kibali cha kupita bila kukaguliwa. Mjifunzaji wa Kisumu haji na lugha moja. Mara nyingi ana Dholuo ya nyumbani, Kiswahili cha mtaani na Kiingereza cha shuleni, na sisi humlazimisha aingilie mlango huo wa tatu. Mwanaisimu S. Pit Corder alitufundisha mwaka 1967 kuyasoma makosa kama ushahidi wa njia anayoipitia mjifunzaji. Tukiyasoma hivyo, tutaona kwamba njia tuliyomchagulia ndiyo inayompoteza.

Ushahidi wangu mkuu ni umilikaji. Kiingereza kina neno moja tu la "-angu", nalo hutumika kwa kitabu, kwa baba na kwa kichwa bila kubagua. Kiitaliano hubagua. Kitabu ni "il mio libro", chenye kibainishi "il" mbele ya kimilikishi. Baba ni "mio padre", na kibainishi kimeondoka. Kichwa kinapouma ni "la testa" tu, bila kimilikishi. Vitabu vya Kiingereza huueleza utaratibu huu kama orodha ya vighairi vya kukariri. Kwa Mjaluo, "mio padre" si kighairi. Dholuo husema "buk mara" kwa kitabu changu, ambapo kimilikishi ni neno la pekee, lakini baba yangu ni "wuora" na kichwa changu ni "wiya", ambapo mmiliki ameambatishwa kwenye nomino yenyewe. Kiswahili nacho kina "babangu" na "mamangu", lakini hakuna anayesema "kitabungu". Jamaa wa damu hapangwi safu moja na mali ya kununuliwa: jambo hili mwanafunzi analo ulimini tangu utotoni. Dholuo inampa njia ya kuielewa "mio padre", na Kiswahili kinampa njia ya kuielewa "mi fa male la testa".

Ndivyo ilivyo pia kwa "ho fame", yaani nina njaa, na "ho vent'anni", yaani nina miaka 20. Anayepitia Kiingereza huishia kusema "sono fame", kana kwamba yeye mwenyewe ndiye njaa.

Nitaambiwa kwamba Kiswahili cha Kisumu hakina ngeli za kutegemewa, kwa hiyo hakiwezi kumsaidia mtu katika upatanisho wa jinsia za Kiitaliano. Nakubali, na ndiyo sababu sikuijenga hoja yangu juu ya ngeli. Lakini itazame tena sentensi ya mwanafunzi wangu. Katika "kichwa inaniuma", upatanisho wa ngeli umevunjika, ila muundo wa kuumwa umebaki mzima. Tunachokidharau kama Kiswahili kibovu kimehifadhi kile hasa tunachokihitaji.

Ni kweli pia kwamba daraja hili, la kutoka lugha za mwanafunzi hadi Kiitaliano, lina mwisho. Katika wingi, kibainishi hurudi: "mio fratello", lakini "i miei fratelli". Hapo Dholuo haisaidii, na mwalimu hana budi kufundisha upya. Hata hivyo, ni nafuu kufundisha ncha ya daraja kuliko kulibomoa lote.

Mtaala wa umilisi wa shule za Kenya umezipa nafasi Kifaransa, Kijerumani, Kiarabu na Kichina. Kiitaliano hakimo, na labda ndiyo bahati yake, kwa kuwa bado hakijafungwa na desturi. Huko Malindi, ambako Waitaliano wamezoeleka tangu enzi za mradi wa anga za juu wa San Marco pale Ngomeni katika miaka ya 1960, wapo vijana wa ufuoni waliojifunza Kiitaliano kwa masikio, huku Kiswahili kikiwa ndiyo lugha yao ya kufikiria. Sidai kwamba sarufi yao ni safi. Nadai kwamba hawakuhitaji kupitia Kiingereza ili wafike. Kwa walimu wa Kisumu pendekezo langu ni dogo: somo la umilikaji lianze kwa kuandika ubaoni "babangu", "wuora" na "mio padre", na kitabu kifunguliwe baadaye.