Je, tarakilishi inaweza kumfunza mtoto kuongea?

Samahani wasomaji, nimekuwa kimya; kazi ya mteja ilinibana. Niliporudi nilikuta swali la mama mmoja. Mwanawe wa miaka sita ana usonji na haongei. Je, anunue tableti, au huo ni ujanja wa wauzaji?

Mama, swali lako ni la zamani kuliko tableti zenyewe. Katika miaka ya 1960, Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani, daktari wa akili Kenneth Colby aliwaketisha watoto wasioongea mbele ya tarakilishi. (Ndiye aliyeunda PARRY mwaka 1972, ile programu iliyojibu maswali kama mgonjwa anayedhani anaandamwa.) Mtoto alibonyeza kitufe, herufi ikatokea kwenye skrini na sauti ikasikika. Hapakuwa na jibu la kukosea. Kumbuka siku hizo wataalamu wengi bado waliwalaumu akina mama, eti ubaridi wao ndio ulioleta usonji!

Mwaka 1973 Colby aliandika kwamba watoto 13 kati ya 17 walipiga hatua katika lugha. Matokeo matamu, lakini hakuwa na kundi la kulinganisha. Huenda wangeongea hata bila mashine. Sisi waandishi wa programu tunalijua kosa hili: unabadilisha msimbo, hitilafu inatoweka, unajipongeza bure.

Mwaka 1976, Edinburgh, Sylvia Weir na Ricky Emanuel walimpa mvulana wa miaka saba kobe wa Logo, roboti ya sakafuni inayosogea kwa amri. Mvulana akaanza kuwasiliana na watu waliokuwa naye. Hapa pia, ni mtoto mmoja tu.

Njia iliyotamba ilikuwa kinyume kabisa. Mwaka 1987 Ivar Lovaas wa UCLA alitangaza kwamba watoto 9 kati ya 19, waliofunzwa saa 40 kwa wiki, waliingia darasa la kwanza la kawaida. Humo mtoto ndiye aliyepokea amri, na akikaidi alikemewa, hata kupigwa kofi la paja. Mimi kobe wa Edinburgh ananivutia zaidi.

Ushahidi mzuri ulikuja mwaka 2014, tena UCLA. Connie Kasari na wenzake walichukua watoto 61 wa miaka mitano hadi minane wenye maneno machache, wakawagawa kwa bahati nasibu. Wote walipata tiba ya mchezo na mtaalamu. Nusu yao wakaongezewa kifaa kinachotamka neno ukikibonyeza. Hao ndio walioanzisha mawasiliano kwa hiari yao zaidi.

Lakini angalia jinsi kilivyotumika. Mtaalamu aliketi na mtoto wakicheza, naye akikibonyeza kifaa hicho hicho alipokuwa akimsemesha. Tableti ya kumtuliza mtoto peke yake sebuleni haikupimwa pale. Kwa hiyo mama, kabla ya kulipa, panga kwanza ni nani atakayecheza naye.