Padre Antonio Stoppani (1824–1891): Padre aliyesoma miamba bila kuifunga Biblia

Padre Antonio Stoppani alikuwa padre wa Jimbo Kuu la Milano, kaskazini mwa Italia, mwanajiolojia na mwalimu wa vyuo vikuu katika karne ya 19. Tunamweleza hapa kwa sababu swali alilokabiliana nalo ndilo ambalo vijana wetu wa sekondari mkoani Simiyu hutuletea: ikiwa darasani wanafundishwa kwamba dunia ina umri wa mamilioni ya miaka, je, Kitabu cha Mwanzo kimewadanganya?

Maisha na utume

Stoppani alizaliwa tarehe 15 Agosti 1824 huko Lecco, mji ulio kando ya Ziwa Como. Mwezi Machi 1848, wananchi wa Milano walipoinuka dhidi ya utawala wa Austria, yeye akiwa mseminari alishiriki kurusha maputo yaliyopeleka matangazo nje ya kuta za mji. Mwaka huohuo alipewa Daraja Takatifu ya Upadre, kisha akawa mwalimu seminarini. Watawala hawakumsahau; mwaka 1853 aliondolewa katika kazi hiyo.

Hata hivyo hakuacha kujifunza. Katika milima ya Esino, juu ya Ziwa Como, alikusanya mabaki ya konokono na viumbe wengine wa baharini yaliyogeuka mawe, akayaeleza katika vitabu vilivyosomwa na wataalamu wa Ulaya. Palipo na mlima leo, zamani palikuwa na bahari. Mwaka 1861 aliitwa kufundisha jiolojia Chuo Kikuu cha Pavia, na baadaye alifundisha Milano na Firenze. Tangu mwaka 1882 aliongoza Makumbusho ya Historia ya Viumbe ya Milano, hadi alipofariki dunia tarehe 1 Januari 1891.

Kitabu chake kilichopendwa zaidi, *Il Bel Paese*, kilitoka mwaka 1876. Humo mjomba anawasimulia watoto wa ndugu zake, jioni baada ya jioni, habari za milima, barafu na volkano za nchi yao, kama wazee wa Kisukuma walivyowafunda vijana kwenye shikome.

Imani na sayansi

Padre Stoppani alishambuliwa pande mbili. Baadhi ya wasomi walidai kwamba sayansi imeifuta imani. Baadhi ya Wakatoliki nao walimshuku, hasa kwa kuwa alikuwa mfuasi wa mafundisho ya Padre Antonio Rosmini, yaliyobishaniwa sana wakati ule. Rosmini alitangazwa Mwenyeheri mwaka 2007. Stoppani alishikilia kwamba ukweli wa miamba na ukweli wa Ufunuo hauwezi kupingana, kwa maana chanzo chake ni Mungu mmoja. Miaka miwili baada ya kifo chake, Papa Leo XIII, katika waraka *Providentissimus Deus* wa mwaka 1893, alifundisha kwamba waandishi watakatifu hawakukusudia kutufundisha muundo wa ndani wa vitu vya asili, bali yale yanayofaa kwa wokovu. Basi tuwajibu vijana wetu hivi: Mwanzo hutuambia ni nani aliyeumba na kwa nini, mwanajiolojia huchunguza namna na muda.

Enzi ya binadamu

Mwaka 1873 Stoppani aliandika kwamba binadamu amekuwa nguvu mpya duniani, inayolingana na nguvu kubwa za asili, na akaiita enzi yake antropozoiki. Yeye aliliona jambo hilo kwa matumaini zaidi kuliko hofu. Sisi tumekwisha kuona upande wake wa pili.

Miamba iliyo chini ya Usukuma ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2. Udongo unaoifunika, ambao ulihitaji muda mrefu mno kujengeka, huondoka kwa misimu michache pale tunapokata miti, kulisha mifugo kupita kiasi na kulima hadi ukingoni mwa mto. Mvua ikinyesha, Mto Simiyu huubeba hadi Ziwa Victoria. Nikeli iliyogunduliwa Dutwa, wilayani Bariadi, nayo yatukumbusha kwamba kilicho chini ya ardhi kinaweza kuchimbwa mara moja tu.

Papa Fransisko, katika waraka *Laudato si'* wa mwaka 2015, alituita kuitunza nyumba ya wote. Wazee wetu waliotenga ngitili, wakaacha nyasi na miti ipumzike hadi kiangazi, walijua utunzaji huo kabla ya waraka wowote. Jumuiya Ndogo Ndogo yaweza kuanzia hapo: kufufua ngitili moja, kupanda miti kando ya kijito kimoja, na kumruhusu kijana aulize swali lake kuhusu mawe bila kukemewa.