Kengele ya Iceland, Mti wa Tsudunyi

Riwaya ya Halldór Laxness, Kengele ya Iceland, yaanza kwa kengele kushushwa. Ilitundikwa Thingvellir, penye baraza la kale la taifa hilo. Mfalme wa Denmark ameitaka madini yake yapelekwe Copenhagen. Laxness aliitoa riwaya kwa sehemu tatu, 1943, 1944 na 1946, na katikati ya kazi hiyo, tarehe 17 Juni 1944, Iceland ikawa jamhuri. Anayetarajia humo matusi kwa Wadenmark peke yao atashangaa. Wanaomwonea mkulima Jón Hreggviðsson, aliyeiba kipande cha kamba, wengi wao ni mahakimu na matajiri wa kwao.

Mtu wa Mkuu, Rombo, hahitaji kufafanuliwa jambo hilo. Nchi hiyo, ambayo Horombo wa Keni aliijengea ngome za mawe kabla mzungu yeyote hajauona mlima, Wajerumani waliiweka chini ya Marealle wa Marangu, kipenzi chao. Basi amri ya Mjerumani ilifika Rombo kwa kinywa cha Mchaga.

Marealle huyo huyo ndiye simulizi za mlimani zinazomlaumu kwa kumchongea Mangi Meli wa Old Moshi. Meli aliwashinda Wajerumani Juni 1892, akashindwa mwaka uliofuata. Tarehe 2 Machi 1900 alinyongwa Tsudunyi, pamoja na Molelia wa Kibosho, Ngalami wa Siha na wengineo, jumla watu 19. Kichwa chake, wasimulia wazee, kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Mwaka 2023 vipimo vya nasaba viliyaoanisha mafuvu yaliyohifadhiwa Berlin na jamaa walio hai mlimani. La Meli halikutambuliwa miongoni mwayo.

Waiceland nao walidai vyao, vitabu vya kale vya ngozi alivyovikusanya Árni Magnússon, ambaye Laxness amemfanya mhusika wa riwaya. Vya kwanza vilirudi Reykjavík kwa meli mwaka 1971, na umati ulikuwa bandarini ukingoja. Wengi walikwisha kuisoma riwaya. Walijua wanapokea nini.

Kilimanjaro mambo yamekwenda kinyume: maabara imemtangulia mtunzi. Abdulrazak Gurnah amekaribia katika Paradise ya 1994, iliyofasiriwa na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi. Humo kijana Yusuf anaachwa dukani, chini ya mlima wenye theluji. Lakini jicho lake ni la pwani, nalo halidai kuwa jingine.

Mtunzi atakayetoka Mkuu atakuwa na kazi nzito zaidi ya kumlaani Mjerumani, kwani huyo alikwisha kuondoka. Itamlazimu kumwandika Marealle awe mtu kamili, mwenye hofu na hesabu zake, asomwe na wajukuu wa Marangu na wajukuu wa Old Moshi, ambao leo huoana na kukutana katika soko moja.