Mwindo ni mmoja au ni wengi? Miaka 70 tangu Rureke aimbe siku 12

Barabara ya taifa namba 3 ikitoka Bukavu hupasua msitu wa Kahuzi-Biega, kisha huteremka hadi Hombo, pale mto unapotenga mikoa miwili. Upande mmoja ni Hombo Sud, Kivu ya Kusini. Upande wa pili ni Hombo Nord, mlango wa Walikale. Madereva wa malori wanapajua kwa daraja na vizuizi. Wasomi wa fasihi simulizi wa Ulaya, Marekani na Nigeria wanaujua msitu ulio mbele ya daraja hilo kwa sababu nyingine kabisa: ni nchi ya Mwindo, shujaa wa Wanyanga, mtoto aliyezaliwa akitembea na kusema.

Mwaka huu wa 2026 inatimia miaka 70 tangu mtafiti Mbelgiji Daniel Biebuyck amkute mzee Candi Rureke katika kijiji cha Bese na kumwomba amsimulie habari za Mwindo, mwanzo hadi mwisho. Kumbukumbu hii inastahili sherehe. Inastahili pia ugomvi, kwa maana tangu siku zile watu hawajakubaliana juu ya jambo linaloonekana jepesi: habari za Mwindo ni zipi hasa, na ni nani mwenye haki ya kusema kwamba hii ndiyo na ile siyo?

Kwa wasioijua hadithi, muhtasari wake kama alivyoiimba Rureke ni huu. Shemwindo, mwami (mtawala) wa Tubondo, alikuwa na wake saba, akaamuru wote wamzalie mabinti tu. Sita wakatii. Wa saba, kipenzi chake, alibeba mimba iliyochelewa, na mtoto akachagua mwenyewe njia ya kutokea: kidole cha kati cha mama yake. Alitoka akicheka, usinga wa mkia wa nyati mkono wa kuume, tezo mkono wa kushoto. Baba akamrushia mikuki, haikumpata. Akamzika, akatoka kaburini. Akamfungia ndani ya ngoma na kuitosa majini, ngoma ikaelea. Mtoto akafuata mto hadi kwa shangazi yake Iyangura, mke wa Mukiti, nyoka wa maji. Wajomba zake popo wakamfua mwili mzima kama wafuavyo chuma, akarudi Tubondo kudai haki yake. Aliposhindwa vitani aliita radi, naye Nkuba, bwana wa radi, akaiteketeza Tubondo yote. Shemwindo akang'oa mmea na kuzama ardhini kupitia shimo la mzizi wake. Mwindo akamfuata kuzimu, akapigwa na Muisa, akafufuliwa na usinga wake, akacheza kamari na Sheburungu hadi akamshinda na kumpata baba yake. Wakarudi juu, waliokufa wakafufuliwa, baba akakiri makosa mbele ya watu wote, na enzi ikagawanywa.

Msikilizaji wa kawaida angedhani yamekwisha. Lakini Rureke hakuishia hapo. Mwindo, sasa ni mwami, akatamani nyama ya nguruwe. Wawindaji wake Wambuti wakakutana na Kirimu, joka la vichwa saba, likawameza watatu. Mwindo akaliua, nyama ikachomwa, harufu ikapanda hadi angani kwa Nkuba. Kumbe Kirimu na Nkuba walikuwa wamechanjiana damu! Nkuba akashuka, akamchukua Mwindo na kumtesa mwaka mzima huko juu, kwa mvua, kwa jua, kwa mwezi, kwa nyota, bila usinga wala majivuno. Aliporudi aliwatangazia watu amri: walime chakula cha kila namna, wakae katika nyumba nzuri, wasitamani mke wa mtu, wasimcheke mgonjwa.

Mshono wa hadithi upo hapo hapo. Nkuba yuleyule aliyekuwa silaha ya Mwindo dhidi ya Tubondo ndiye anageuka kuwa hakimu wake. Mwindo ambaye katika nusu ya kwanza alijua kila siri, hata asiyotangulia kuiona, katika nusu ya pili hajui kwamba rafiki yake wa angani ana ndugu wa damu msituni. Mtoto aliyezaliwa na nguvu zake zote anaonyeshwa akinusurika mara kwa mara kwa sababu ya vitu na watu wengine: usinga unaomwamsha, kamba iliyo mkononi mwa shangazi, mwali Kahindo mgonjwa wa buba anayemfunulia hila za Muisa. Je, haya ni makosa ya msimulizi? Au kuna sehemu iliyoongezwa baadaye ili shujaa mwenye kiburi afunzwe adabu?

Ili kulijibu swali hilo ni lazima kwanza tujue utendi huu ulivyokuwa ukiimbwa. Wanyanga huuita karisi, na mwimbaji huitwa She-karisi. Karisi ni pia roho inayomtaka mtu ajifunze kazi hiyo. Hakuna anayejichagulia tu kwa kuwa ana sauti nzuri. Kijana huanza kama msaidizi wa bingwa, hupiga kijiti cha mdundo, huitikia nyimbo, na polepole vipande vinamwingia. Siku ya onyesho bingwa huvaa njuga, hushika kibuyu cha mbegu na usinga, huimba, hucheza, huigiza. Wasikilizaji huitikia, hupiga makofi, hutoa zawadi. Akichoka hupumzika na kula. Anaweza kukatiza hadithi ili ajisifu, au awakumbushe wenyeji kwamba koo lake limekauka.

Tena, na hapa ndipo penye kiini, bingwa hakuimba yote. Jioni moja alipewa safari ya kuzimu, jioni nyingine vita vya Tubondo, kwa kadiri ya hamu ya waliomwalika. Rureke mwenyewe alimwambia Biebuyck kwamba hakuwahi kuutoa utendi wote mfululizo kwa siku zilizofuatana. Alikuwa nao wote kichwani, lakini hakuna mtu aliyewahi kumtaka autoe hivyo.

Biebuyck akamtaka. Alikuwa mtafiti wa IRSAC, taasisi ya sayansi iliyokuwa na makao yake Lwiro, kando ya Ziwa Kivu, na alikwisha kuishi miaka kadhaa kati ya Wabembe, Walega na Wanyanga. Wanyanga wenyewe, kwa hesabu yake, walikuwa kama 27,000 tu. Rureke aliimba, akasimulia na kucheza kwa siku 12 huku mtafiti na wasaidizi wake Wanyanga wakiandika. Watu walikusanyika kusikiliza. Kila jioni mwandishi alikuwa amechoka mkono, mwimbaji amechoka sauti, na hadithi imesogea mbele kwa mstari ulionyooka ambao haujawahi kuonekana barazani.

Kitabu kilitoka mwaka 1969 katika chapa ya Chuo Kikuu cha California, kikiwa na majina mawili: Biebuyck na Kahombo Mateene, mwanaisimu Mnyanga ambaye baadaye aliongoza Ofisi ya Lugha ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Kampala. Ndani yake mna Kiingereza na Kinyanga pia. Mwaka uliofuata ukalipuka mjadala.

Mwaka 1970 Ruth Finnegan, mtaalamu wa Uingereza aliyefanya utafiti kati ya Walimba wa Sierra Leone, alichapisha kitabu kikubwa cha fasihi simulizi ya Afrika. Katika kurasa chache tu aliandika kwamba utendi, ule wa kishujaa na mrefu kama wa Wagiriki, hauonekani kuwa aina ya kawaida barani Afrika kusini ya Sahara. Tenzi za Waswahili alizijua, lakini alizihesabu kuwa za maandishi na zenye mkono wa Kiarabu. Habari za shujaa Lianja wa Wamongo, ambazo padri Boelaert alizichapisha mwaka 1949, alizitilia shaka: je, zilikuwa kitu kimoja tangu awali, au ni hadithi nyingi zilizofungwa pamoja na mhariri?

Shaka hiyo ilimgusa Mwindo moja kwa moja. Kama Rureke hakuwahi kuimba yote mfululizo mpaka Mzungu alipomwomba, basi kile kitabu ni utendi wa Wanyanga, au ni utendi uliozaliwa Bese mwaka 1956? Na kama umoja wake ulitokana na daftari, basi ule mshono wa Nkuba si ajabu: vipande viwili vya jioni mbili vimelazimishwa kulala kitanda kimoja.

Waliojibu walijibu kwa hasira. Mnigeria Isidore Okpewho alitoa kitabu kizima mwaka 1979 akisisitiza kwamba utendi wa Afrika upimwe kwa onyesho, kwa mwimbaji aliye mbele ya watu wake, si kwa mizani ya Homer. Mwaka uliofuata Mmarekani John William Johnson alichapisha makala yenye kichwa cha kejeli, akijibu kama anayemjibu mtoto kwamba ndiyo, utendi upo Afrika. Biebuyck naye alikuwa na hoja rahisi: mtu asiyekuwa na utendi kichwani hawezi kuutoa kwa siku 12 bila kupotea njia. Kutoimba yote si sawa na kutokuwa na yote.

Ni hoja nzuri, na mwandishi wa makala haya anaiunga mkono. Lakini silaha kali zaidi Biebuyck aliitoa mwaka 1978, na haikusikika sana. Katika kitabu cha pili alichapisha matoleo mengine ya Mwindo, kutoka kwa waimbaji wengine wa Kinyanga. Hayalingani na la Rureke, wala hayalingani yenyewe kwa yenyewe. Urefu ni tofauti, mpangilio wa matukio ni tofauti, wahusika wengine hawapo na wengine wamezuka. Anayetafuta Mwindo wa kweli atachanganyikiwa. Aliyezoea baraza hatashangaa, kwa sababu kila bingwa alirithi vipande vyake kwa mwalimu wake, akavipanga kwa akili yake na kwa watu waliomkalia mbele.

Waswahili wa pwani wanalijua jambo hili kwa Fumo Liyongo. Wataalamu wamemweka katika karne zinazopishana kwa mamia ya miaka, na bado utendi alioutunga Muhammad Kijumwa mwaka 1913 unasomwa kana kwamba tarehe si kitu. Vijana wa leo wanalijua kwa michezo ya kompyuta. Kampuni ya Blizzard, yenye ulimwengu wa Warcraft unaoendelea tangu miaka ya 1990, iliwahi kubadilisha asili ya jamii mbili za viumbe wake: zamani ilisemwa jamii moja ndiyo iliyompotosha mungu mmoja, kisha ikasemwa mungu ndiye aliyeipotosha jamii. Wachezaji walipandwa na hasira, na mtungaji mkuu Chris Metzen akakiri hadharani kwamba alisahau alichokuwa amekiandika mwenyewe.

Tofauti kati ya Metzen na Rureke ni kubwa. Ulimwengu wa Warcraft una mmiliki, na mmiliki akisema jambo limebadilika, limebadilika. Mwindo hakuwa na mmiliki. Bingwa aliyebadilisha safari ya kuzimu hakuhitaji kuomba radhi, kwa sababu bingwa wa kijiji cha pili hakuwa chini yake. Aliyemgeuza Mwindo kuwa mmoja ni kitabu cha 1969, kwa vile kilitangulia na kwa vile kilikuwa cha Kiingereza. Toleo la Rureke ndilo lililoingia katika mikusanyo ya vyuo vikuu; ndilo lililozaa kitabu cha watoto cha Mmarekani Aaron Shepard mwaka 2008, kinachomwita Mwindo shujaa wa nguvu za ajabu. Matoleo mengine yamebaki katika kitabu cha 1978, na wanaoyagusa ni wataalamu tu.

Kuhusu ule mshono wa Nkuba, msomaji aniruhusu nisimame na waimbaji wa zamani. Fungu la amri zinazofunga hadithi halina maana bila Nkuba. Nkuba akibaki rafiki tu, Mwindo anakuwa mwami kwa nguvu. Nkuba akigeuka hakimu, Mwindo anakuwa mwami kwa kujifunza kwamba hata mnyama wa msituni ana ndugu. Iwapo sehemu hiyo iliunganishwa Bese au karne mbili kabla, aliyeiunganisha alijua anachofanya.

Yaliyoipata nchi ya Mwindo baadaye yanasimuliwa kwa ufupi kwa sababu ni machungu. Machi 1993 mauaji yalianza soko la Ntoto, Walikale, yakasambaa hadi Masisi, na tangu hapo vita havijakoma kwa kweli. Watu wamehama vijiji, na mtu anayehama usiku habebi kibuyu cha mbegu wala njuga. Biebuyck alifariki mwaka 2019. Lwiro bado ipo, na wageni wengi huijua kwa sokwe wake kuliko kwa hadithi zilizoandikwa na watu wake.

Kwa hiyo miaka 70 hii isiishie kwenye hotuba za kumsifu mtu mmoja aliyeimba siku 12. Rureke anastahili jina lake liandikwe penye shule, lakini hakuwa peke yake. Kinachohitajika ni kitabu kimoja cha Kiswahili kitakachoweka matoleo yote bega kwa bega, bila kuchagua la kweli, kiuzwe kwa bei ambayo mwalimu wa Walikale, wa Masisi na wa Hombo anaweza kuilipa. Wanafunzi wabishane wenyewe kuhusu Nkuba: alimsaliti Mwindo au alimlea? Na kama bado kuna mzee ng'ambo ya daraja mwenye toleo jingine, atafutwe sasa, kabla ya tume yoyote ya maadhimisho kukaa.